Mgongo wa Saa

Saa ya ukutani ilikuwa imelala kifudifudi juu ya kitanda changu, mgongo wazi, na mjukuu wangu amesimama pembeni ameziba mdomo kwa viganja viwili kama mtu aliyevunja sahani ya mgeni.

"Bibi, sikuigusa. Nimeitoa tu ukutani wapate kupaka rangi. Mgongo umefunguka wenyewe."

"Wenyewe una mikono?"

"Skrubu imeoza, Bibi. Haki ya nani tena!"

Mjukuu huyu tunamwita Kasuku, na ukikaa naye robo saa huna haja ya kuelezwa kwa nini.

Tulikuwa tunapaka rangi nyumba. Ukihamisha vitu vilivyokaa mahali pamoja miaka mingi, nyumba inaanza kutapika siri zake. Nyuma ya kabati tulikuta kiatu kimoja cha utotoni cha mwanangu wa kwanza, ambaye leo ni mwalimu mkuu na ana kitambi. Chini ya godoro la chumba cha wageni tulikuta meno ya bandia, seti nzima ya juu, na mpaka sasa hajatokea mgeni wa kuyadai. Tulicheka hadi fundi rangi akashuka ngazi kuuliza kulikoni. Kwa hiyo Kasuku aliponiita, "Bibi, njoo uone kioja kingine," nilikwenda chumbani bado nacheka.

"Humu ndani kuna maandishi," alisema. Aliwasha tochi ya simu, akainama. "Yamekwanguliwa kwenye bamba la shaba. Madogo kama miguu ya sisimizi. Kuna tarehe, halafu jina. Mzee wa Ghala. Tarehe nyingine, Mzee wa Ghala tena. Halafu hapa chini..." Akasogeza tochi karibu. "Hapa chini imeandikwa Baba mkwe. Tarehe ishirini na moja, mwezi wa tisa. Bibi, baba mkwe wa nani?"

Nilimwambia asome tena mwaka. Akasoma. Nikakaa kitandani kando ya ile saa.

"Bibi? Nikuletee maji?"

"Funga mlango," nilimwambia. "Na mdomo."

* * *

Baba yangu alikuwa mtunza ghala, ndiyo maana watu wote walimwita Mzee wa Ghala. Saa ile ya kutia ufunguo, yenye kisahani cha shaba kinachoning'inia na kwenda huku na huku, ilikuwa fahari yake. Ikichelewa kidogo tu, anaitwa Fundi Saa.

Alikuwa kijana mrefu mwenye vidole vyembamba, na kile kioo cha mafundi saa alikibana jichoni kama aliyezaliwa nacho. Mara ya kwanza alipokuja nilimpelekea maji. Alinyoosha mkono bila kutazama, kisha akainua uso, na lile jicho la kioo likaniangalia, kubwa kama la samaki. Nilicheka. Naye akacheka. Maji yote yakamwagikia suruali, na kazi ya nusu saa ikala alasiri nzima.

Alinibandika jina la Dakika. Kila alipotaka tuonane nilimjibu, "Dakika moja tu," kisha nikatokea baada ya saa nzima. "Hizi dakika zako," alikuwa akinitania, "zimetengenezwa na fundi gani? Nikamshitaki."

Juu ya saa ile alinifundisha mambo mawili. Nitie ufunguo kila Jumatatu, nisizidishe. Na mgongo wake asiufungue mtu asiye fundi, kwani vumbi likiingia mle, basi tena.

Nilimtii. Hata nilipomchukia, nilimtii. Miaka mingine ilisimama miezi mizima, marehemu mume wangu akaipiga kibao, ikaamka. Alitaka kuniletea fundi mara ngapi! Nikamkatalia. Nilimwambia mafundi wa siku hizi ni waharibifu tu. Ukweli ni kwamba sikutaka mikono ya mtu mwingine iingie mle.

Mimi na Fundi Saa tulikubaliana aje na mjomba wake kuniposa tarehe ishirini na moja, mwezi wa tisa. Alfajiri ya siku hiyo mama akaniamsha. Shangazi kazidiwa, kimbia, upande wa pili wa mji. Nikakimbia. Nikamkuta shangazi uani anafua.

"Shangazi, nimeambiwa umezidiwa!"

"Nimezidiwa na hizi nguo," alisema, macho yake kayaweka kwenye beseni. "Kaa unisaidie kusuuza."

Moyoni nilijua kuna jambo. Hilo silifichi. Nilijua, lakini nilikaa nikasuuza.

Niliporudi jioni baba alikuwa barazani. "Kutwa nzima nimekaa hapa," alisema. "Hajaja mtu." Nikamtazama mama. Mama akatazama sufuria.

Mwaka uliofuata niliolewa na muuza vipuri vya magari. Sina neno baya juu ya mume wangu. Alinipa watoto wanne, na hakuniinulia sauti hata siku moja. Baba alitutunza ile saa siku ya harusi, nikaitundika chumbani, nikawa naitia ufunguo kila Jumatatu kwa miaka arobaini na sita. Na siku zote hizo, vidole vinne kutoka usoni pangu, ilikuwa imebeba habari kwamba alikuja.

* * *

"Fundi Saa gani, Bibi? Yule mzee wa kichochoroni, nyuma ya soko?"

"Huyo huyo."

"Lakini wewe ukifika pale huwa unavuka barabara!"

Kweli. Alikwenda kuishi mbali, akaoa, akafiwa na mke, akarudi na kufungua duka. Miaka kumi na moja nilikuwa navuka barabara nisipite mbele ya mlango wake. Nilimwambia Kasuku upande ule kuna mbwa.

"Bibi, yule anafunga duka," alisema Kasuku, sauti imeshuka. "Fundi rangi alikuwa anasema jana. Jumamosi anahamia kwa binti yake, mji mwingine kabisa."

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

Mwanangu mwalimu mkuu alipopita jioni alinikuta naifunga saa kwa shuka.

"Mama, hiyo inakwenda wapi?"

"Kwa fundi."

"Nitaipeleka mimi."

"Ina fundi wake."

Kasuku naye, kama kawaida yake, alikuwa ameshamweleza yote kwa simu. Mwanangu alivuta kiti, akakaa kama anavyokaa na wazazi wa wanafunzi watoro.

"Mama, Baba hajatimiza miaka mitatu tangu tumzike. Leo unabeba saa unamfuata mwanamume dukani. Watu watasema nini?"

"Watasema bibi kizee kapeleka saa kutengenezwa."

"Mama, sitanii."

"Mjomba, Bibi si mwanafunzi wako," alidakia Kasuku.

"Wewe nyamaza, redio isiyo na swichi!" Kisha akanigeukia, na sauti ikalegea. "Babu ameshakufa, Bibi mzaa wewe ameshakufa. Unakwenda kumlaumu nani?"

"Sendi kumlaumu mtu. Nataka tu ajue sikumkataa. Asiondoke mji huu na uongo huo kifuani."

"Na akishajua, Mama?"

Nilikaza fundo la shuka.

* * *

Ijumaa asubuhi duka lilikuwa limebaki nusu. Rafu tupu, maboksi chini, na ukutani alama nyeupe za mviringo mahali palipotundikwa saa. Yeye alikuwa ameinama mezani, kioo jichoni, mabega yamekuwa membamba. Kasuku aliniwekea saa mezani, akasema, "Nasubiri nje, sisikii kitu," kisha akasimama nje sikio limegusa mlango.

"Karibu, Bibi," alisema bila kuinua kichwa. "Ila kazi mpya sipokei. Nafunga kesho."

"Hii si kazi mpya."

Nilifunua shuka. Mkono wake ulifika kwenye ule ubao kabla ya macho. Ulipita juu, ukashuka ubavuni, ukasimama kwenye pembe iliyobonyea.

"Hii naijua," alisema taratibu. "Hii ni ya Mzee wa Ghala." Akakitoa kioo jichoni. Akanitazama. Nilikuwa nimejipangia njia nzima maneno ya kusema, yote yakapotea. Nilikumbuka tu kwamba nina mvi, na kwamba sikuvaa gauni langu zuri kwa kuogopa maneno ya mwanangu.

"Dakika," alisema.

"Ni mimi."

"Safari hii umechelewa kweli."

Alitaka iwe utani, lakini utani ulimkwama. Akavuta kigoda, akakifuta vumbi kwa mkono wa shati lake, akanisogezea.

"Mgongo ulifunguka wenyewe," nilisema. "Nimeona ulichoandika."

Aliigeuza saa polepole, akafungua, akapitisha kidole gumba juu ya mikwaruzo ile. Macho yake hayaoni vizuri tena, nadhani aliisoma kwa kidole.

"Nilikuwa mjinga," alisema.

"Niliambiwa hukuja."

Kidole kikasimama. "Unasemaje?"

"Baba aliniambia alikaa barazani kutwa nzima na hakuja mtu. Nilikuwa nimetumwa kwa shangazi, nikaambiwa kazidiwa. Nilirudi jioni. Nimeamini hivyo mpaka jana."

Nje mtu alipita na mkokoteni. Tulisubiri upite, kama vile ungeweza kutusikia.

"Nilikuja," alisema. "Nilikuja na mjomba, nimeazima koti. Baba yako akanipokea vizuri mno. Akasema, 'Afadhali umekuja fundi, saa yangu imesimama.' Nikadhani ananipima. Mjomba akawekwa kwenye kiti cha chuma juani, hakupewa hata glasi ya maji, mimi nikaingia ndani nikafungua mtambo. Kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya ni ile. Sisi mafundi tukimaliza tunakwangua tarehe na jina la mwenye saa, ili fundi atakayefuata ajue. Mkono wangu ukaandika Baba mkwe. Nilikuwa nacheka peke yangu kama chizi. Nikafunga mgongo. Ndipo akaniambia."

"Alikwambia nini?"

"Kwamba binti yake ameomba aondoke alfajiri ili asinione uso. Nikakuulizia kwa jirani. Jirani akasema kweli, amekuona unakimbia kulipokucha."

"Nilikuwa nakimbilia mgonjwa!"

"Sasa najua."

Alisema "sasa najua" na uso wake ukalegea, mzigo ukamtoka mabegani. Hilo ndilo lililonileta, na nilikuwa nimelipata. Ningeaga pale pale. Laiti ningeaga.

"Basi hata zile barua," alisema, akitikisa kichwa, karibu anatabasamu. "Mzee yule! Nilikuandikia tatu, na zote zikarudi hazijafunguliwa. Nikajisemea, mtu kama anakataa hata kusoma, basi ni kweli kanichoka. Kumbe alikuwa anazinasa yeye. Si ndiyo?"

Alikuwa ananifungulia mlango wa kutokea. Neno moja tu, ndiyo, na ningetoka mle msafi kama sahani iliyosuuzwa. Baba yangu amelala kaburini, asingenibishia. Na Fundi alikuwa ananitazama kwa macho yale yale ya siku ya maji, akisubiri niseme ndiyo.

"Hapana," nilisema. "Hizo nilizirudisha mimi."

Tabasamu halikuondoka mara moja. Lilibaki usoni kama mgeni asiyejua kwamba wenyeji wamekwenda kulala.

"Zote?"

"Zote tatu. Tarishi alinikabidhi mkononi. Nikamwambia azirudishe kwa mwenyewe."

"Kwa nini, Dakika?"

"Hasira. Nilidhani umenitia aibu mbele ya baba, halafu unataka kunibembeleza kwa karatasi." Nilishindwa kumtazama, nikawa natazama maboksi. "Na jambo jingine. Wewe ulikuwa mtu wa maneno marefu. Mimi niliishia darasa la nne, nilikuwa nasoma kwa kufuata herufi kwa kidole. Niliogopa nikikwama nitamwomba nani anisomee. Nikaona heri nisifungue kabisa."

Alichukua skrubu kwenye kikopo, ikamponyoka, akachukua nyingine.

"Ungefungua moja tu," alisema. Hakusema kwa ukali, na ukali ungekuwa nafuu.

"Zilisemaje?"

"Mbili za mwanzo siwezi kukuambia. Aliziandika kijana mmoja, na huyo kijana simwoni tena. Ya tatu ilikuwa fupi. Nilisema sitakuja tena kwa baba yako. Nilisema nitakaa stendi ya mabasi siku mbili, Jumamosi na Jumapili, na ukija tutaondoka, usipokuja nitaondoka peke yangu."

"Ukakaa?"

"Nikakaa. Muuza maji alinizoea, akawa ananiita shemeji. Kila basi likiingia ananiambia, shemeji, huyo si yeye?"

Nililia. Sikulia kwa sauti, machozi yalikuja tu, nikayaacha. Yeye alirudisha kioo jichoni na kuanza kazi. Alisafisha mtambo kwa brashi, akatia tone la mafuta hapa na hapa, mikono imezeeka lakini inajua njia. Sikumwomba, wala hakuniuliza. Ilipoanza kwenda tuliisikiliza wote wawili.

"Lazima uhame?" nilimuuliza.

"Binti yangu ameshanitengea chumba. Na macho haya, skrubu moja naiona mbili."

"Ningependa usiende."

Hayo nilikuwa sijajipangia kusema. Aliyasikia. Niliona alivyoyasikia.

"Asubuhi hii," alisema, "kama ungekuja na saa tu, ukaniambia habari ya baba yako, ningekuambia sendi. Sikudanganyi. Lakini umeniambia na hilo jingine, na umefanya vizuri kuniambia. Ila miaka yote nimemchukia mtu mmoja, sasa wamekuwa wawili, na mmoja wao bado ni wewe. Nipe nafasi niizoee."

Akafunga mgongo, akatia skrubu mpya.

"Hukuandika tarehe," nilisema.

"Sijui niandike jina la nani."

Niliifunga saa kwa shuka. Nilipofika mlangoni akaniita. Alikuwa ameandika anwani ya binti yake nyuma ya kadi ya duka, kwa herufi kubwakubwa, zilizoachana, za kusomeka na mtu yeyote.

"Mara hii uandike wewe," alisema. "Kufungua sijaahidi."

* * *

Aliondoka Jumamosi. Jumatatu niliandika barua ya kwanza. Ilinichukua siku nne, na nilimkataza Kasuku asinisaidie hata herufi moja. Ilirudi baada ya wiki mbili, gundi haijaguswa, jina langu limeandikwa juu kwa mkono wake.

"Huyu mzee ana roho ya kutu!" Kasuku alifoka. "Kwa nini asiitupe tu, mpaka agharimie stempu?"

"Mwache."

"Bibi, anakukomoa!"

"Ana haki."

Ya pili imerudi jana. Mwanangu aliziona zote mbili mezani, akazigeuza, akazirudisha taratibu. Nilidhani ataniambia ya watu. Badala yake alikaa kwenye mkono wa kiti changu, jambo ambalo hajalifanya tangu avue kile kiatu cha nyuma ya kabati.

"Mama, inatosha sasa."

"Mwenzangu aliandika tatu," nilimjibu.

Leo asubuhi nimemaliza ya tatu. Ni fupi, ina mistari minne tu. Nimemwambia kwamba Jumamosi ijayo napanda basi la kwanza kwenda mji wa binti yake. Nikifika sitakuja nyumbani kwao. Nitakaa stendi ya mabasi, Jumamosi na Jumapili.

Kasuku ameisoma begani kwangu, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe amekosa la kusema. Kisha akapata.

"Na asipoifungua, Bibi? Utakaa siku mbili unamsubiri mtu asiyejua kama upo?"

"Nitakaa," nilimwambia, nikalamba gundi. "Angalau nami nijue ilikuwaje."